Gramu Hamsini: Kisa cha Mpiga Piano wa Malindi

Kijana ninayemzungumzia ana miaka 18, mkazi wa Barani, Malindi. Amepiga kinanda kanisani tangu akiwa shule ya msingi, na wanakwaya wa mji mzima wanamjua. Mwaka jana alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kupiga piano mbele ya jopo la walimu, akitafuta nafasi ya masomo kwa ufadhili. Alipiga vipande viwili. Cha kwanza kilikuwa sonata ya Mozart katika F, ile K. 332 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), na jopo liliridhika nacho. Cha pili kilikuwa sonata ya Beethoven, opus 13, inayojulikana kama Pathétique. Ile sehemu ya polepole ya mwanzo aliipiga kwa heshima yake. Ilipoingia sehemu ya mbio, mkono wa kushoto ukaanza kuchelewa, sauti ikafifia, na kabla hajafika mbali akaondoa mikono akasema, "Samahani, siwezi kuendelea." Karatasi aliyopewa ilikuwa na mistari michache: kipaji anacho, ila woga wa jukwaa umemshinda, ajitayarishe kiakili, arudi baada ya mwaka.

Habari ilifika Malindi kabla ya kijana mwenyewe kushuka basini. Na kwa kuwa woga ni maradhi ambayo kila mtu anayo dawa yake, dawa zikamiminika. Mwalimu wa kwaya alimwongezea zamu, apige ibada zote mbili za Jumapili ili azoee macho ya watu. Shangazi alishauri kufunga na kuomba. Binamu mmoja mwenye duka la dawa alileta habari za propranolol, vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, kwamba wanamuziki wa Ulaya huvimeza kabla ya kupanda jukwaani. Ni kweli, wako wanaovimeza. Ni kweli pia kwamba mwenye pumu hatakiwi kuvigusa, na kijana huyu aliwahi kulazwa kwa pumu utotoni. Mama yake alilikumbuka hilo mapema, akavirudisha vidonge dukani, akanipigia simu.

Mimi ni fundi wa piano, na hufundisha pia. Makao yangu ni Mombasa; Malindi huja kwa ajili ya piano chache zilizosalia kwenye hoteli na kwenye nyumba za Waitaliano. Mama hakunieleza mengi. Alisema: "Mwalimu, huyu mtoto anapiga mbele ya kanisa zima tangu miguu haijafika chini. Leo woga kautoa wapi?"

Ni swali zuri kuliko lolote lililoulizwa kule Nairobi, nami nikaamua kuanzia hapo.

Nisiwaonee walimu wa jopo, maana woga wa jukwaa upo na hauchagui jina. Vladimir Horowitz, mpiga piano ambaye tiketi zake watu walizipangia foleni usiku kucha, aliacha matamasha mwaka 1953 akakaa miaka 12 hadi aliporudi Carnegie Hall, ukumbi wa New York, mwezi wa Mei 1965. Martha Argerich, mmoja wa wapiga piano wakubwa walio hai, tangu miaka ya 1980 hupanda jukwaani peke yake kwa nadra sana; hupenda kupiga na wenzake au na okestra. Glenn Gould aliacha kabisa kupiga hadharani mwezi wa Aprili 1964, akiwa na miaka 31, akahamia studio. Mtu akisimama katikati ya Beethoven mbele ya watu wasiomjua, kudhani ni woga si ujinga.

Ila woga una tabia zake, na anayefundisha huzijua. Mwanafunzi aliyeingiwa na woga husahau. Mikono yake huwa baridi na yenye jasho. Hukimbia, kila kipande akakipiga haraka kuliko alivyojifunza, kama mtu anayetaka kutoka humo ndani. Na huanguka mahali popote: leo ukurasa wa kwanza, kesho wa tano. Nilipomhoji kijana, hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyomkaa. Hakusahau noti hata moja. Mikono ilikuwa moto. Hakukimbia bali alizidi kuchelewa. Na aliponionyesha kwa kidole kwenye karatasi pale alipoishiwa, alionyesha mahali ambapo, nikikadiria kwa mkono wangu mwenyewe, ndipo hasa mkono usiozoea ungechoka.

Kuna jambo la pili lililobidi liondolewe kwanza, nalo linatisha zaidi. Wapo wapiga piano ambao mkono huwaasi. Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano wa jukwaani. Akiwa bado kwenye miaka ya ishirini ya mwanzo mkono wake wa kulia uliharibika, akabaki kuwa mtunzi. Leon Fleisher, Mmarekani aliyekuwa kwenye kilele chake, katikati ya miaka ya 1960 aliona vidole viwili vya mkono wa kulia vikijikunja vyenyewe kila alipogusa piano. Alipiga kwa mkono wa kushoto peke yake kwa miaka mingi, akitumia vipande ambavyo vingi viliandikwa kwa ajili ya Paul Wittgenstein, yule wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilimchukua Fleisher miongo mitatu kurudi kupiga kwa mikono miwili. Maradhi haya mara nyingi hayana maumivu. Kidole hukataa tu. Vidole vya kijana havikujikunja hata kidogo, na alichokisikia yeye kilikuwa maumivu ya kweli kwenye msuli wa chini ya kiwiko, yanayotulia akipumzika kwa dakika chache. Hapo nilipumua.

Basi likabaki jambo la tatu. Tulikwenda kwanza kanisani siku isiyo ya ibada, akapiga Pathétique kwenye kinanda chake. Aliimaliza sehemu ile nzima, safi, kwa mwendo ambao mimi nisingethubutu. Kisha tukaenda kwenye hoteli moja yenye piano ya wima kwenye ukumbi wa chakula, ambayo asubuhi hiyo nilikuwa nimeikaza nyuzi. Ukumbi ulikuwa mtupu isipokuwa mhudumu mmoja akipanga vijiko. Kijana akaanza, akaenda vizuri, na mahali palepale akachelewa, akafifia, akasimama. Kama ni woga, basi alimwogopa mpanga vijiko. Nilimshika mkono: kuanzia kiwiko hadi kifundo ulikuwa umekakamaa kama kamba ya nanga wakati maji yanapotoka.

Nikamuuliza kama amewahi kupiga piano halisi kabla ya siku ile ya Nairobi. Aliwahi mara chache, akasema, kwa kupita, kwenye sherehe za watu. Karibu maisha yake yote ya muziki yamekuwa juu ya kinanda cha plastiki cha vibonye 61 alichonunuliwa na mjomba wake.

Hapa inabidi nieleze tofauti, kwa sababu kisa chote kimejificha ndani yake, na hata watu wa kwaya huona kinanda na piano kuwa kitu kimoja chenye bei mbili. Kibonye cha kinanda kina springi chini yake. Unakisukuma, springi inakirudisha, waya unapeleka habari, sauti inatoka kwenye spika. Kibonye cha piano ni wenzo wa mbao. Ncha moja unaibonyeza wewe kwa kama milimita 10. Upande wa pili, nyundo yenye kichwa cha sufu iliyoshindiliwa inarushwa kwenda mbali karibu mara tano ya hapo, inapiga nyuzi na kurudi. Kuishusha noti moja ya katikati polepole kabisa kunahitaji uzito wa gramu 50 hivi. Gramu 50 si kitu. Lakini hizo ni za kuamsha tu. Ukitaka sauti kubwa lazima uirushe nyundo kwa kasi, na kadiri unavyotaka kasi ndivyo uzito wake unavyokupinga. Springi ya kinanda haina tabia hiyo: unaipiga kwa hasira au kwa upole, ukinzani ni uleule.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililomvunja kijana. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence aliyeunda piano ya kwanza mnamo mwaka 1700, alivumbua namna ya kuifanya nyundo iachane na kibonye kabla haijagusa uzi. Bila hivyo nyundo ingebaki imekandamiza uzi na sauti ingekufa papo hapo. Mwaka 1821 ikasajiliwa njia ya Sébastien Érard ya kuiwezesha nyundo irudie noti kabla kibonye hakijapanda chote. Piano za leo za mkia zimejengwa juu ya fikra hizo. Maana yake kwa mpigaji ni kwamba nyundo ikishaondoka, kazi imekwisha. Hata ukikandamiza kibonye kwa nguvu za ng'ombe, huongezi wala hupunguzi kitu. Mpiga piano aliyefundwa hukisukuma, kisha papo hapo huuachia mkono upumue, huku kidole kikibaki chini kwa uzito wake tu.

Kijana wetu hakuwahi kuwa na sababu ya kuachia. Kanisani hutumia sauti ya ogani na ya nyuzi, na sauti hizo hudumu maadamu umebonyeza. Kwa karibu miaka kumi amejifunza kubonyeza hadi chini na kuendelea kukaza, noti baada ya noti. Kwenye springi, tabia hiyo haina gharama. Kwenye piano kila noti inatozwa ushuru. Sasa mpe Pathétique, ambayo sehemu yake ya mbio imejengwa juu ya mkono wa kushoto unaotetemesha oktavu, yaani noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, kidole gumba na kidole cha mwisho vikipokezana bila kukoma. Mkono usioachia kati ya noti hupiga mistari michache, kisha misuli inakaza yote kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi, na ndivyo ilivyokuwa mbele ya mhudumu.

Je, kwa nini Mozart alipita? Jibu lake limenifurahisha kuliko mengine yote katika kisa hiki. Piano ya Mozart mwenyewe, iliyotengenezwa na Anton Walter wa Vienna, ilikuwa na oktavu tano, yaani vibonye 61, sawasawa na kinanda cha mjomba. Haikuwa na fremu ya chuma. Nyundo zake zilikuwa ndogo zilizovikwa ngozi, na vibonye vyake vilishuka kidogo na kwa wepesi. Kwa bahati tu, kijana wa Barani amekulia kwenye mguso ulio karibu na ule wa Mozart kuliko watoto waliokulia kwenye piano nzito za Nairobi. Tofauti ya upana ni moja: vibonye 61 vya Mozart vilianzia F, vya kinanda huanzia C, hivyo kijana amekosa noti saba za chini kabisa, na Mozart akizishukia yeye huzipandisha oktavu moja bila mtu kushtuka. Zaidi ya hapo K. 332 ni kazi ya vidole vinavyokimbia, na vidole anavyo.

Msomaji makini atasema: lakini Pathétique ilichapishwa mwaka 1799, Beethoven naye aliiandikia piano nyepesi za wakati huo. Kweli. Ule mtetemo wa mkono wa kushoto uliandikwa kwa vibonye vyepesi kuliko tulivyonavyo. Baadaye ndipo ikaja fremu ya chuma, nyuzi zikaongezwa unene na kukazwa hadi mvuto wa zote kwa pamoja ukakaribia tani 20, na nyundo zikanenepa ili kuendana nazo. Kwa hiyo tunachowadai vijana leo kwenye ukurasa ule ni kizito kuliko alichokidai mtunzi. Sisemi hivyo ili kumtetea kijana. Lakini anayekaa kwenye jopo angefaa alijue hilo, na aanze kwa swali moja dogo: nyumbani unapigia nini?

Mpiga udi hapatwi na haya. Zein l'Abdin, fahari ya Lamu, aliweza kwenda popote na udi wake mwenyewe, akijua kila uzi unavyojibu. Piano kubwa ya jukwaani ina urefu wa karibu mita 2.74 na uzito wa karibu nusu tani. Mpigaji huikuta alikokwenda. Matajiri wa jina huweza kukwepa: Horowitz alipokwenda Moscow mwaka 1986 alisafirisha piano yake mwenyewe. Mwaka huohuo Sviatoslav Richter, mpiga piano wa Kisovieti, alizunguka Siberia akipiga kwenye miji midogo, piano ya Yamaha ikisafirishwa kwa ajili yake, ingawa alikuwa maarufu kwa kupiga chochote alichowekewa. Walio wengi hawana chaguo. Hufika mjini mchana, hupewa muda mfupi na piano ngeni, jioni wanatakiwa wawe wameshaoana nayo. Kuujua uzito wa kibonye usichokizoea ndiyo kazi yenyewe ya mpiga piano wa jukwaani, na kijana alikutana nayo mara ya kwanza siku ya mtihani.

Tiba basi ilikuwa kumpatia uzito. Hapo ndipo Malindi ilipotugomea. Hewa ya bahari ni adui wa piano. Ubao wa sauti ni mbao nyembamba. Kwenye masika huvimba na kuzivuta nyuzi juu, kaskazi ikikauka husinyaa na sauti hushuka. Chumvi huingia kwenye nyuzi za chuma zikashika kutu, zikikazwa zikakatika. Vitambaa vidogo vinavyokalia pini za vibonye huvimba, kibonye kikashuka na kukataa kupanda. Na kama hayo hayatoshi, mchwa. Piano hutaka unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 usiopandapanda, na hoteli yenye madirisha yanayotazama maji haiwezi kutoa hicho.

Piano ile ya hoteli ilikuwa na karibu kila ugonjwa nilioutaja. Meneja alikubali kijana aje asubuhi, wageni wakiwa ufukweni, kwa sharti kwamba nitaitengeneza bila malipo. Nililegeza vibonye vilivyobana, nikabadilisha nyuzi mbili, nikaiweka piano nzima chini kidogo ya ile A ya 440, kipimo cha kawaida cha kukazia nyuzi, kwa kuwa nyuzi zenye kutu zisingevumilia kupandishwa. Niliomba pia iwekwe fimbo ya umeme ya kutoa joto dogo ndani ya sanduku, ya kufukuza unyevu. Meneja alisema atafikiria. Bado anafikiria.

Nilimpiga marufuku Beethoven. Alinuna, lakini alitii. Tulianza na Invensheni za Bach, zile fupi za sauti mbili, polepole mno, kwa dakika 20 kisha kupumzika. Kila noti ilikuwa na hatua mbili: sukuma, achia. Nilikuwa nikimgusa chini ya kiwiko. Nikikuta msuli umekaza baada ya sauti kutoka, tunarudia. Ni kazi ya kuchosha roho. Kijana aliyezoea kushangiliwa hakupenda kupiga noti nne kwa asubuhi nzima, na siku moja alinijia juu: "Mwalimu, kwani mimi ni mtoto wa chekechea?" Nikamwambia mkono wake wa kushoto ndio wa chekechea, yeye mwenyewe namheshimu.

Kilichotusumbua zaidi ni Jumapili. Kila wiki tuliyojenga kwa siku sita ilibomolewa kwa ibada mbili za sauti ya ogani. Nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya kumwomba ampumzishe. Hakufurahi hata kidogo. Kwaya yake imezoea ule mwendelezo wa sauti unaowabeba, na alinikumbusha, kwa adabu lakini bila kunionea haya, kwamba kanisa ndilo lililomfundisha kijana solfa na kumpa pa kupigia wakati mimi sijulikani. Alikuwa na haki yake. Tulifikia mapatano ya nusu: kinanda kiwekwe sauti ya piano, ambayo hufifia yenyewe hata ukikandamiza, na ibada ya pili apige mwanafunzi mwingine. Waimbaji walilalamika kwa majuma kadhaa, kisha wakazoea. Mjomba naye akatafuta Mombasa kinanda cha mitumba chenye vibonye 88 vyenye nyundo za kuiga uzito wa piano. Si piano, lakini mkono hauwezi kudanganywa tena kwamba kubonyeza ni bure, na hakiogopi kaskazi.

Baada ya miezi kadhaa msuli ulianza kuachia wenyewe. Tukarudisha Mozart, kisha Beethoven kwa nusu ya mwendo.

Wakati huo mama alikuja na swali alilokuwa amelibeba siku nyingi. Anauza samaki wa kukaanga jioni, na hesabu anaijua. "Mwalimu, nieleze kama mtu mzima mwenzako. Hii kazi ya kupiga piano mbele za watu inalisha?"

Nilimjibu nilivyoamini, na bado naamini hivyo. Maisha ya mpiga piano peke yake jukwaani ni nyumba yenye mlango mwembamba. Ni mtindo uliozoeleka karne ya 19: Franz Liszt ndiye aliyeanza kutangaza onyesho la mtu mmoja la piano kwa jina la resaitali, London mwaka 1840, na yeye na Clara Schumann, mpiga piano aliyekuwa mke wa Robert, ndio waliozoesha watu kuona mpigaji akipiga kichwani bila karatasi. Clara alipanda jukwaani Leipzig mwaka 1828 akiwa na miaka 9, akaendelea kwa zaidi ya miaka 60, akalea watoto kwa mapato hayo. Rachmaninoff alikuwa mtunzi mwenye jina, lakini mapinduzi ya Urusi ya 1917 yalipomfukuza, alifika New York akiwa na miaka 45 na kujigeuza mpiga piano wa matamasha kwa sababu familia ilitaka kula. Mpaka kufa kwake aliishi zaidi kwenye treni na hoteli, na nyimbo mpya alizotunga tangu hapo zilikuwa chache.

Hao ni waliofanikiwa. Njia ya leo hupita kwenye mashindano, na mashindano yana umri: yale ya Chopin ya Warsaw, yaliyoanza mwaka 1927 na kufanyika kila baada ya miaka mitano, hupokea wenye miaka 16 hadi 30. Utafiti maarufu uliofanyika Berlin na kuchapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba wapiga piano wa kiwango cha juu walikuwa wameshafanya mazoezi kwa zaidi ya saa 7,000 walipotimiza miaka 18, wakati wale wa kujifurahisha tu walikuwa na kama 1,600. Kijana wako, nikamwambia mama, saa nyingi anazo. Ila ni za kinanda. Nyingine zitafaa, nyingine itabidi zifutwe, na kufuta huchukua muda kuliko kuandika.

Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo hapana."

Sikusema hapana. Nilisema jukwaa lina viti viwili. Gerald Moore, Mwingereza, alipiga piano maisha yake yote nyuma ya waimbaji, na waimbaji wakubwa wa karne iliyopita walimgombania. Richter mwenyewe, kabla dunia haijamjua, alikuwa akiwasindikiza waimbaji kwenye mazoezi ya opera ya Odessa. Alijifundisha mengi peke yake, na hakuingia kwa Heinrich Neuhaus, mwalimu wake wa Moscow, mpaka mwaka 1937 akiwa na miaka 22. Akin Euba wa Nigeria alisomea piano London, akaishia kuwa mtunzi na mwanazuoni aliyeuliza piano inaweza kusema nini kwa lugha ya Kiafrika. Na ukiangalia mtoto huyu amefanya nini tangu utotoni, amekuwa akisindikiza. Anajua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Anajua kushuka nusu sauti katikati ya wimbo kwa sababu mzee wa besi ameamka vibaya. Watoto waliokaa na piano nzuri na mwalimu wa saa nzima mara nyingi hawana hilo, na hawalipati kwa urahisi wakishakua. Binafsi naona kosa la pili la siku ile ya Nairobi ni kwamba alipimwa kwa kile anachokiiga, na hakuna aliyempa mwimbaji ampigie.

Kijana hakuipenda rai hiyo mwanzoni. Alitaka jukwaa lote. Tulibishana, mama yake hakuingilia, alisikiliza tu. Mwishowe aliomba mwenyewe kujaribiwa kwa njia zote mbili.

Alirudi Nairobi mwaka huu, mahali pengine. Kabla ya kupiga aliomba dakika chache za kuijua piano, nao wakampa. Hilo tulilifanyia mazoezi kama kipande kingine chochote, skeli mbili, noti moja ya juu kwa upole kabisa, moja ya chini kwa nguvu, pedali mara tatu. Alipiga Bach na Mozart, akaiacha Pathétique nyumbani. Kisha akaletewa mwimbaji asiyemjua na wimbo ambao hakuwahi kuuona. Kwenye kupiga peke yake walimweka katikati ya orodha. Kwenye kusindikiza walimweka wa kwanza, na nafasi aliyopewa ni hiyo ya kusindikiza, kwa nusu ya ada. Nusu nyingine mama na mjomba wameigawana, na kanisa limechanga nauli. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyesimamia mchango.

Mkono wa kushoto haujapona kabisa. Kwa mwendo kamili bado unachoka kabla ya sehemu ile ya Beethoven kwisha, na mwalimu wake mpya amemshusha kiti na kumbadilishia vidole kwenye oktavu, jambo ambalo sikubaliani nalo kwa kiti lakini kwa vidole ana haki. Juma lililopita kijana alinipigia simu. Wamempangia muhula ujao amsindikize mwimbaji kwenye Erlkönig ya Schubert, wimbo wa mwaka 1815 ambao mkono wa kulia hurudia oktavu kwa kasi karibu mwanzo hadi mwisho, dakika nne hivi, pasipo mahali pa maana pa kupumzika. Alitaka kujua aanzie wapi. Nilimwambia aupige kwa robo ya mwendo, noti moja badala ya oktavu, na asiongeze kidole cha pili mpaka mtu mwingine ameushika mkono wake chini ya kiwiko na kuukuta laini.